Kuvu ya Kuua Nzi wa Maembe Iko Hapa Kasarani, Mbona Bado Tunapiga Sumu Tu?

Kama ulitazama The Last of Us, najua venye unaogopa kuvu. Ile kitu ilifanya watu waamini kwamba siku moja fangasi itaingia kwa ubongo wa binadamu na sote tuanze kutembea Tom Mboya tukiumana shingo. Waliotunga ile hadithi walichukua wazo kutoka kwa kuvu ya kweli kabisa, inaitwa Ophiocordyceps. Inaingia kwa sisimizi msituni, inamfanya apande juu ya mmea, ajishikilie hapo kwa meno, kisha anakufa na kuvu inamea ikitoka kichwani mwake. Hiyo sehemu ya sisimizi ni ukweli. Sehemu ya binadamu ni ya kuuza vipindi.

Sasa, kuna kuvu za ukoo huo huo mpana ambazo zinaweza kulinda maembe unayonunua na pilipili na chumvi pale stejini. Na moja yazo imetoka kwa watafiti wa hapa Nairobi, mahali umepita na mathree mara mia bila kugeuza shingo.

Ukiwa Thika Road, pale Kasarani, kuna taasisi inaitwa icipe. Ilianzishwa mwaka 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo, na kazi yake ni kusoma wadudu. Makao yao yanaitwa Duduville, na hapana, sijatunga. Watu hawa wamekusanya aina nyingi za kuvu zinazougua wadudu, wakazipima moja moja, na baadhi zimepewa namba kama wachezaji wa mpira: ICIPE 62, ICIPE 69, ICIPE 78. Hiyo 69 ndiyo nataka tuongee juu yake leo, kwa sababu inahusu miti ya matunda na mdudu ambaye amewatesa wakulima wetu kwa zaidi ya miaka 20.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ndio usinisome hadi mwisho ukitafuta. Hii kuvu inafanya kazi. Kinachokwamisha mambo ni vile tumeamua kwamba kila mkulima apigane na mdudu peke yake, kwa pesa yake, ndani ya ua wake, na mdudu afe leo leo. Hapo ndipo tunapoteza.

Kwanza ujue adui

Nzi wa matunda unayemsikia zaidi anaitwa Bactrocera dorsalis. Asili yake ni Asia. Hapa Kenya aligunduliwa mara ya kwanza mwaka 2003, huko Pwani, na kutoka hapo akasambaa sehemu kubwa ya Afrika. Ni mgeni aliyekuja bila maadui wake wa nyumbani, akapata maembe, mapera, na mapapai yamejipanga tu. Nani angekataa?

Kazi yake iko hivi. Jike anatua kwa embe ambalo bado liko mtini. Ana kitu kama sindano nyuma, anadunga ngozi ya embe na kutaga mayai ndani. Kwa nje unaona kadoa tu, au huoni chochote. Mayai yanaanguliwa, mabuu wanaanza kula nyama ya embe kutoka ndani. Embe linaoza, linaanguka. Mabuu wakishiba wanatoka, wanachimba udongo kidogo hapo chini ya mti, kila mmoja anajifungia kwa kifuko chake kigumu, na baada ya siku kumi hivi anatoka akiwa nzi mzima tayari kuruka. Mzunguko unaanza tena.

Sasa fikiria mtu na pampu ya dawa mgongoni. Anapulizia majani. Mayai yako wapi? Ndani ya embe. Mabuu wako wapi? Ndani ya embe. Wale waliojifungia wako wapi? Chini ya udongo. Dawa inampata nzi mzima aliye nje saa hiyo, na yule wa kesho anatoka ardhini akiwa safi. So mkulima anarudia. Anarudia tena. Karibu na kuvuna bado anapiga, kwa sababu hapo ndipo embe linaiva na nzi anakuja kwa fujo. Na embe hilo ndilo unakula Ijumaa bila kuosha kwa sababu uko na njaa.

Hasara yenyewe haiishii kwa embe moja la kutupa. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, kabla ya kufungiwa mlango na wenyewe. Ilichukua hadi 2021 kurudi. Miaka 7. Kuna watoto walianza darasa la kwanza na kukaribia kumaliza shule ya msingi wakati soko moja la maana limefungwa kwa sababu ya kitu kidogo kuliko kucha yako.

Kuvu inaua aje?

Hii sehemu ndiyo ilinifanya nikose kulala nikisoma.

ICIPE 69 ni aina ya Metarhizium anisopliae, kuvu inayopatikana kwa udongo sehemu nyingi duniani. Inasafiri ikiwa spora, vitu vidogo kama vumbi. Virusi na bakteria wengi wa kuua wadudu lazima mdudu awale kwanza. Kuvu haihitaji hiyo. Spora inagusa mwili wa mdudu tu, inanata, na kukiwa na unyevu inaanza kuota kama mbegu. Inatoa vimeng'enya vya kulainisha ganda la mdudu, inasukuma kwa nguvu, inapenya. Ikishafika ndani inaingia kwa damu, inazaana, inakula chakula cha mwili, na kutoa sumu zake. Mdudu anapoteza hamu ya kula, anatembea kama mtu aliyekesha, na baada ya siku kadhaa anakufa. Hali ikiwa na unyevu, kuvu inatoka nje tena na kumfunika kwa unga wa kijani, na ule unga ni spora mpya zinazongoja mteja mwingine.

Kuna nyingine inaitwa Beauveria bassiana, yeye anamwacha mdudu akiwa mweupe kama amepakwa unga wa ngano. Hiyo inatumika kwa kahawa. Kuna kadudu keusi kanatoboa tunda la kahawa na kutaga ndani ya buni. Asili yake ni huku kwetu Afrika, lakini mwaka 2010 kalipatikana Hawaii, eneo la Kona, na wakulima wa huko sasa hupulizia Beauveria ili kakutane na spora kabla hakajaingia ndani ya tunda. Mdudu wetu, anapigwa vita na kuvu, kwa kahawa ya watu wa mbali. Dunia ni kijiji.

Turudi kwa embe. Kumbuka mabuu wanaanguka na kuchimba udongo chini ya mti. Ujanja wa icipe ni kuwangoja hapo hapo. Kuvu inawekwa kwa udongo chini ya mwembe. Buu akiingia, au nzi mchanga akitoka, anapakwa spora. Na kuna mbinu nyingine ambayo kwangu ni ya kijasusi kabisa: unaweka chombo chenye chambo na unga wa kuvu ndani. Nzi anaingia akifuata harufu, anajipaka, halafu unamwacha atoke. Ndio, atoke. Anaenda kukutana na wenzake, wanapandana, anawaachia zawadi. Unatumia tabia ya mdudu dhidi ya mdudu.

Bidhaa yenyewe iko. Kampuni ya Real IPM ya Thika imekuwa ikitengeneza kuvu ya ICIPE 69 kwa jina Campaign, na imesajiliwa hapa Kenya. Hii si ndoto ya mwaka 2050. Ni kitu mtu anaweza kuuliza dukani kesho asubuhi.

Hata si kitu kipya

Kuna wale wakisikia kitu kama hiki wanasema ni majaribio ya wazungu kwa Waafrika. Sikiza basi.

Mwaka 1835, Mwitaliano kwa jina Agostino Bassi alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua viwavi wa hariri ulisababishwa na kiumbe hai kidogo, kuvu, na kwamba unaambukizwa. Hiyo ilikuwa miaka mingi kabla Louis Pasteur hajapata sifa za vijidudu. Jina bassiana kwa ile kuvu nyeupe limetoka kwake. Yaani moja ya ushahidi wa kwanza duniani kwamba vijidudu huleta magonjwa ulitoka kwa mdudu anayekula majani ya mforosadi.

Mwaka 1879, Elie Metchnikoff, mwanasayansi aliyefanya kazi kule Odessa, akaelezea Metarhizium baada ya kuipata kwa wadudu walioharibu ngano, na akapendekeza itumike kuwaua. Huyo jamaa baadaye alishinda Nobel mwaka 1908 kwa kazi ya kinga ya mwili. Kwa hivyo hili wazo lina zaidi ya miaka 140. Kilichofanywa Kasarani ni kutafuta ni kuvu gani, ya wapi, inayomuua mdudu gani, kwa joto letu na udongo wetu. Hiyo ni kazi ya nyumbani, na imefanywa na watafiti wengi wakiwa ni Waafrika.

Lakini kuvu si uchawi

Nataka nikuambie hadithi ya Marekani, kwa sababu inafunza mambo mawili ambayo watu wa kuuza vitu mtandaoni hawatakuambia.

Miaka ya 1860, Mfaransa anaitwa Étienne Trouvelot aliishi Medford, karibu na Boston. Alileta nondo kutoka Ulaya akitaka mambo ya hariri. Viwavi wakamtoroka. Wakaanza kula miti. Mialoni hasa, lakini kwa kweli hawachagui. Mwaka mbaya, msitu mzima unabaki uchi katikati ya kiangazi kama umechomwa.

Mwaka 1910 na 1911 wanasayansi wakaleta kuvu kutoka Japani, wakaiachilia karibu na Boston. Haikuonekana kufanya kitu. Wakaandika kwamba imefeli, maisha yakaendelea. Halafu mwaka 1989, ghafla, viwavi wakaanza kufa kwa wingi kwenye majimbo ya kaskazini mashariki, wakining'inia kwenye mashina ya miti kichwa chini. Ilikuwa kuvu ya Kijapani, Entomophaga maimaiga. Hadi leo wanasayansi wanajadiliana kama ni ile ya 1910 au ilifika baadaye kwa njia nyingine. Tangu hapo imekuwa moja ya vitu vikuu vinavyowadhibiti wale viwavi, na hakuna mtu anayelipa ili ifanye kazi.

Hapo sasa kuna funzo la kwanza: kuvu ina saa yake. Yako haiijali.

Funzo la pili ni mvua. Mwaka 2015 na 2016 kule New England kulikuwa kukavu, kuvu ikalala, viwavi wakalipuka tena na miti ikaliwa. Mwaka 2017 mvua ikarudi mwezi wa tano na wa sita, na kuvu ikaamka ikaua viwavi kwa wingi. Bila unyevu spora haioti. Jua kali nalo linaua spora zikiwa wazi. Ndiyo maana huku kwetu, hasa sehemu kavu kama Makueni, haitoshi kumwaga tu popote. Inawekwa kwa udongo, chini ya kivuli cha mti, jioni jua likishalegea. Mtu akikuuzia kuvu bila kukuambia hayo, amekuuzia unga.

Kwa nini mkulima hataki

Nilimwuliza mjomba wangu, ana miembe Makueni, kama angejaribu. Aliniangalia vile mtu mzima humwangalia mtoto aliyetoka Nairobi na mawazo.

"Mwanangu, hiyo dawa yako inaua saa ngapi?"

Nikamwambia, "Mjomba, haiui kwa saa. Inachukua siku kadhaa."

"Na nzi wa kwa jirani nao? Wataambiwa wangoje?"

Nilinyamaza, kwa sababu hayo maswali mawili ndiyo kiini cha mambo yote, na alikuwa ameyauliza bila kusoma ukurasa hata mmoja wa utafiti.

Swali la kwanza. Dalali anakuja Jumanne. Ananunua kwa macho, embe lenye doa anatupa kando. Pesa ya shule inangoja hiyo Jumanne. Dawa ya kemikali inaonyesha nzi ameanguka kabla hujafika nyumbani, na huo mwili wa nzi chini ni kama risiti. Kuvu haitoi risiti siku hiyo. Mtu aliyelala njaa msimu uliopita huwezi kumwambia awe na subira kama wewe huchangii kitu kwa hiyo subira.

Swali la pili ni zito zaidi. Nzi anaruka. Ukiweka kuvu chini ya miembe yako 40, na jirani ana miembe 200 na maembe yaliyooza yametapakaa chini mwezi mzima, unafanya kazi ya kufagia mchanga jangwani. Ukitumia pesa yako kupunguza nzi, jirani anafaidika bure. Asipotumia yake, wewe unaumia. Kila mtu akifikiria hivyo, hakuna anayeanza. Hii haiitwi ujinga wa mkulima. Ni hesabu, na mkulima ameipiga sawa.

Ongeza na haya madogo madogo. Spora ni viumbe hai, hazipendi joto, na agroveti nyingi ni mabati juu na jua la saa nane. Maembe pia yanasumbuliwa na kuvu mbaya, ile inayoweka unga mweupe kwa maua na ile inayoleta madoa meusi kwa tunda, so mkulima anapiga dawa ya kuua kuvu. Baadhi ya hizo dawa zinaua pia kuvu nzuri. Umelipia mlinzi halafu umemfungia nje mwenyewe. Bila mtu wa kumwelekeza mkulima ni gani inapatana na gani, na lini, atajaribu mara moja, itakataa, na ataambia kijiji kizima ni takataka.

"Si ni asili? Basi ni salama!"

Hapana. Tafadhali tusianze hiyo.

Neno "asili" limebebeshwa mizigo mingi sana kwa mtandao. Mwaka 2004, kuvu ya asili kabisa, Aspergillus, iliingia kwa mahindi na kutoa sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Makueni, kaunti ile ile ya maembe. Kuna familia huko ambazo neno kuvu linamaanisha mazishi. Ukienda huko na tisheti yenye maandishi ukiwaambia "kuvu ni rafiki", jua unaongea na nani. Heshima kwanza.

Lakini hata hapo kuna kitu cha kushangaza: moja ya njia zinazotumika sasa kupunguza aflatoksini ni kuvu. Inaitwa Aflasafe. Wanachukua aina za Aspergillus zisizotoa sumu, wanazimwaga shambani, zinajaza nafasi na zile zenye sumu zinakosa pa kukaa. Yaani kuvu ni kama watu. Jina la ukoo halikuambii tabia ya mtu.

Metarhizium na Beauveria kwa kawaida hazimsumbui binadamu, na sababu moja ni joto letu la nyuzi 37, ambalo nyingi za kuvu hizi haziliwezi. Hiyo haimaanishi uvute unga wake. Spora zinaweza kuleta mzio, so anayepulizia anavaa barakoa na glavu kama kawaida. Na kumbuka Bassi alikutana na Beauveria kwanza ikiua viwavi wa hariri, wadudu wa faida. Kwa hivyo hupulizii maua yakiwa yamejaa nyuki halafu useme ni asili. Kuiweka kwa udongo chini ya mti ni afadhali sana kwa sababu nyuki hana shughuli nyingi huko.

Na usitengeneze jikoni. Nimeona video za watu wanaotaka kukuza kuvu kwa mchele ndani ya pakiti. Ni kweli viwanda vingi hukuza Metarhizium juu ya mchele, lakini wanajua hasa wanakuza nini. Wewe kwa sufuria ya mama unaweza kukuza hiyo Aspergillus tuliyotoka kuongelea. Bidhaa za aina hii lazima zipite kwa bodi ya PCPB. Kama haina namba ya usajili, rudisha.

Mimi nasema tufanye hivi

Serikali za kaunti za maembe ziache kutibu nzi kama shida ya mtu binafsi. Mbuzi wakipata ugonjwa wa kuambukiza, hatumwambii kila mtu ajipange. Kaunti inaleta chanjo, tarehe inatangazwa, wadi nzima inapeleka mifugo siku moja. Nzi wa matunda ni ugonjwa wa kuambukiza wenye mabawa. Nunueni kuvu kwa wingi, ihifadhiwe mahali baridi, iwekwe chini ya kila mwembe wa wadi ndani ya wiki moja, kabla maembe hayajaanza kuiva. Wadi ya jirani wiki inayofuata. Hapo swali la mjomba kuhusu nzi wa jirani linapata jibu.

Kuvu isiende peke yake. Maembe yaliyoanguka lazima yaokotwe na kufungwa ndani ya mifuko au hema maalum ili nzi wasitoke. icipe wamesema miaka yote kwamba kazi ni ya vitu kadhaa pamoja: usafi wa shamba, mitego, chambo, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai na mabuu ya nzi, na kuvu. Anayetaka kitu kimoja cha kumaliza yote bado anatafuta sumu, amebadilisha jina tu.

Vijana wenzangu mnaolia hakuna kazi, mimi niko hapa pamoja nanyi, niliacha chuo na sina cheti cha kupeperusha. Kazi ya kuweka kuvu kwa wadi nzima inahitaji watu wa pikipiki, watu wa kuhesabu nzi kwa mitego kila wiki, watu wa kueleza kwa Kikamba, Kimeru na Kiswahili kwa nini leo hujaona nzi aliyekufa na bado mambo yanaenda sawa. Hiyo ya mwisho ni kazi ya wanaojua kuongea na watu, na tuko wengi.

Na sisi walaji wa mjini, tuna mkono wetu. Tunataka embe linalong'aa kama limetoka kiwandani, halafu jioni tunapiga kelele kwamba chakula kimejaa kemikali. Yule dalali anayetupa embe lenye kadoa anatusikiliza sisi. Doa dogo kwa ngozi haliui mtu. Nunua, kata, angalia ndani, kula. Uliza mama wa maembe anatoa wapi na wanapiga nini. Hata kama hajui leo, atauliza anapochukua mzigo, na swali litafika Wote na Kalamba kabla ya msimu kuisha.

Tumezoea kila kitu kije sasa hivi. Mkopo kwa dakika 2, chakula mlangoni kwa nusu saa, video ya sekunde 15. Kuvu haitatufuata kwa hiyo mbio. Inangoja giza, unyevu, na watu waliokubaliana kufanya kitu kimoja wiki moja. Vitu viwili vya kwanza, mti wenyewe unatoa chini ya kivuli chake. Hicho cha tatu ndicho tunadaiwa.

Kama una ndugu ana miembe, mtumie hii. Halafu uniambie alikuuliza nini, kwa sababu nina uhakika swali lake litakuwa kali kuliko langu.